Barua ya polisi kuhusu kasino ya mtandaoni, na ombi langu la uraia liko mezani

Kutoka: Baraka, Kassel
Jumatatu, saa 3:10 usiku

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Naandika nikiwa na hofu, mnisamehe nikirukaruka. Wiki iliyopita nimepokea barua ya polisi, idara ya upelelezi. Inasema mimi ni mtuhumiwa chini ya kifungu cha 285 StGB (sheria ya jinai ya Ujerumani), kushiriki kamari isiyoruhusiwa. Wameambatisha fomu ya kujieleza kwa maandishi, kurasa mbili, irudi ndani ya siku 14.

Kisa chenyewe ni hiki. Nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Saa nane usiku wenzangu wakitoka kuvuta sigara, mimi nilikuwa nabaki kwenye benchi karibu na makabati, nacheza sloti kwenye simu. Tovuti iko kwa Kijerumani, ina huduma kwa wateja, inapokea kadi ya benki ya hapahapa, na chini kabisa imeandikwa leseni ya Curaçao. Mwezi wa tatu nikashinda euro 4,300. Pesa ziliingia kwa mafungu matano, kila fungu na jina lake, na mawili yalikuwa majina ya watu, si ya kampuni. Wiki mbili baadaye benki ikanifungia akaunti. Nadhani habari ilianzia huko.

Swali langu ni moja tu. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana niliwasilisha ombi la uraia. Katika tamko nililosaini kuna sentensi kwamba nitawajulisha mabadiliko yoyote yatakayotokea. Je, niwaandikie mwenyewe ofisi ya uraia kwamba nimefunguliwa jalada, au ningoje waniulize?

Ahsanteni.

---

Kutoka: Wanjiku, Dortmund
Jumatatu, saa 3:48 usiku

Pole sana kaka. Jambo la kwanza, kagua sanduku lako la barua kila siku, hata Jumamosi. Kama mwendesha mashtaka ataamua kuendelea, huenda usiitwe mahakamani kabisa. Italetwa Strafbefehl, yaani amri ya adhabu bila kesi kusikilizwa, ndani ya bahasha ya njano, na hiyo ina nguvu ya hukumu usipoipinga ndani ya wiki mbili.

Nasema kwa sababu yalinikuta. Kosa langu halikuwa kamari, nilikamatwa mara tatu kwenye treni bila tiketi, mwaka ambao sikuwa na kazi. Bahasha ililetwa nikiwa Nakuru kumzika baba. Postamani hakunikuta, akaitia kwenye sanduku na kuandika tarehe kwa kalamu ya bluu juu ya bahasha. Nilirejea baada ya wiki tano. Ile tarehe ya bluu ndiyo inayohesabiwa, si siku uliyoifungua. Muda ulikuwa umekwisha. Faini hapa huhesabiwa kwa siku: nililipa siku 30, kila siku euro 25, na hadi leo nikiona kitu cha njano kwenye sanduku moyo unanienda mbio.

---

Kutoka: Othman, Leipzig
Jumatatu, saa 5:02 usiku

Dada Wanjiku, pole kwa msiba, lakini hapo unawaogopesha watu bila sababu. Mtu aliyekuwa safarini anaweza kuomba arudishiwe muda wake. Unatakiwa kuomba ndani ya wiki moja tangu kizuizi kiondoke, yaani tangu uliporudi, na kuonyesha tiketi ya ndege. Ulikuwa na haki hiyo ukaiacha ipite. Tafadhali tusiwaambie watu kwamba tarehe ya bluu ndiyo mwisho wa dunia.

Ndugu Baraka, kabla watu hawajaanza kukutuliza, tuweke sheria sawa. Leseni ya Curaçao haina nguvu yoyote hapa Ujerumani. Tangu tarehe 1 Julai 2021, mkataba wa majimbo kuhusu kamari unaruhusu sloti za mtandaoni, lakini kwa kampuni iliyopewa leseni hapa tu. Msimamizi ni GGL, mamlaka ya kamari ya majimbo, makao yake Halle kando ya mto Saale, na orodha ya walioruhusiwa iko wazi kwenye tovuti yao. Asiyekuwa kwenye orodha hana ruhusa, basi. Anayeendesha anaangukia kifungu cha 284, anayecheza anaangukia cha 285. Hicho cha mchezaji kinasema kifungo hadi miezi sita au faini hadi siku 180.

Kasino yenye leseni utaitambua hata bila orodha. Sloti haipokei zaidi ya euro 1 kwa mzunguko, kila mzunguko unachukua angalau sekunde 5, hakuna kuiacha ijizungushe yenyewe, na kwa kawaida huwezi kuweka zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi ukijumlisha tovuti zote. Wewe ulikuwa unaweka kiasi gani kwa mzunguko?

---

Kutoka: Baraka, Kassel
Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Euro 5, wakati mwingine 10. Na ilikuwa inazunguka haraka, hata sekunde mbili hazifiki. Sikujua kwamba kuna kasi inayoruhusiwa.

---

Kutoka: Juma, Mannheim
Jumanne, saa 12:55 asubuhi

Baraka, acha. Usijibu tena maswali ya namna hiyo hapa. Tuko zaidi ya mia tatu kwenye orodha hii na barua zote zinabaki kwenye kumbukumbu. Othman, unamuuliza mtuhumiwa maswali ya polisi mbele ya kadamnasi, na wewe ndiye unayejifanya mwanasheria.

Kwenye fomu hiyo usieleze chochote. Mtuhumiwa ana haki ya kunyamaza na kunyamaza hakuhesabiwi kuwa ni kukiri. Jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, basi. Sehemu ya maelezo iache nyeupe kama ilivyokuja. Akikuita polisi kituoni huna wajibu wa kwenda.

---

Kutoka: Othman, Leipzig
Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Sijawahi kujiita mwanasheria. Ila kauli ya Juma haijakamilika: akiita polisi huna wajibu, lakini akiita mwendesha mashtaka au hakimu, unakwenda. Ukifika bado unaweza kunyamaza, lakini kwenda ni lazima. Wapo waliochanganya hayo mawili wakafuatwa nyumbani.

Na ndiyo, namba za euro kwa mzunguko nisingeziuliza hapa. Hilo nalikubali.

---

Kutoka: Kelvin, Leicester
Jumanne, saa 4:15 asubuhi

Habari zenu. Mbona huku Uingereza mchezaji hashtakiwi? Sheria ya kamari ya 2005 inamkamata anayeendesha bila leseni. Mchezaji hatari yake ni kwamba wakimzuilia ushindi wake hana pa kulalamika. Rafiki yangu aliombwa pasipoti, akaombwa bili ya umeme, akaombwa picha akiwa ameshika pasipoti kidevuni, na mwishowe wakamwambia picha haionekani vizuri. Pauni 900 zimekwenda. Labda mwanasheria wa Baraka atumie hoja kwamba katika nchi nyingine si kosa.

---

Kutoka: Wanjiku, Dortmund
Jumanne, saa 4:31 asubuhi

Kelvin, kaka, Baraka yuko Kassel. Hoja ya Leicester haimsaidii mbele ya hakimu wa Kassel. Jameni tumsaidie mtu na swali lake.

---

Kutoka: Mama Neema, Bremen
Jumanne, saa 7:05 mchana

Wanangu, nimesoma yote. Baraka baba, pole. Nataka kusema jambo ambalo sijawahi kulisema hapa.

Baba Neema alikuwa anacheza. Mwanzo alikuwa kwenye tovuti yenye leseni, hiyo ya sekunde tano anayoisema Othman. Tulipoona mambo yanaharibika tulikaa pamoja mezani tukajaza fomu ya OASIS, ile orodha ya waliojizuia kucheza kamari, akajifungia mwaka mzima. Nilifurahi, nikalala usingizi. Kumbe OASIS inamfunga kwenye zile zenye leseni tu. Zile zisizo na leseni hazimwulizi mtu kama amejifungia, na matangazo yake yanajua kabisa yanamtafuta nani: yanaandika waziwazi "cheza bila OASIS". Wiki haikuisha akawa amehamia huko. Nilikuwa naamka usiku naona mwanga wa simu chini ya blanketi, unabadilika rangi, nyekundu, kijani, nyekundu. Sauti ameizima. Niliujua ule mwanga kabla sijajua jina la tovuti.

Polisi hawakuja kwetu. Kilichokuja ni benki kurudisha malipo ya kodi ya nyumba mara mbili. Sasa nikisoma hapa kwamba naye alikuwa anafanya kosa la jinai na mimi nililala kitandani pembeni yake, mwili unanisisimka. Yeye alikuwa mgonjwa. Sheria iangalie na hilo.

Baraka, kama unahisi mkono unakwenda wenyewe kwenye simu, nenda kwenye ofisi ya ushauri wa uraibu ya mji wako. Ni bure na hawapeleki habari polisi. Na kuhusu swali lako, mimi ningewaandikia ofisi ya uraia leo hii. Ukweli haumdhuru mtu.

---

Kutoka: Othman, Leipzig
Jumanne, saa 11:40 jioni

Mama Neema, shikamoo, na ahsante kwa kuliweka wazi. Nakuheshimu sana, lakini kwenye jambo la jinai siwezi kuacha kauli hiyo ipite. Ukweli ukiandikwa vibaya, bila mwanasheria kusoma jalada, unamdhuru mtu. Kosa la 285 linahitaji kusudi: mtu awe alijua, au aliona uwezekano akaupuuza, kwamba mchezo hauna ruhusa. Baraka akiandika kwa ofisi yoyote "nilicheza kwenye kasino isiyo na leseni", karatasi hiyo inaweza kuishia kwenye jalada. Akiandika tu "kuna upelelezi unaoendelea dhidi yangu, namba ya jalada ni hii" ni jambo jingine. Na bado nisingeituma kabla ya mwanasheria kuiona.

Kinachofahamika ni hiki. Kifungu cha 12a cha sheria ya uraia: upelelezi ukiwa unaendelea, ofisi inasimamisha uamuzi hadi uishe. Hawakukatalii, wanakuweka kando. Ukiisha kwa faini isiyozidi siku 90, haihesabiwi. Ikizidi kidogo wanaweza kutazama hali yako, ikizidi sana una kazi. Na faini mbili tofauti zinajumlishwa.

---

Kutoka: Fatma, Göttingen
Jumanne, saa 2:25 usiku

Nathibitisha hilo la kuwekwa kando. Jalada langu halikuwa la kamari, lilikuwa la akaunti: kuna mtu aliniomba pesa zake zipitie kwangu. Mwendesha mashtaka alilifunga kwa kifungu cha 153a, nikalipa euro 600 kwa shirika la hisani. Hiyo si hukumu na sina rekodi. Lakini ilichukua miezi saba, na miezi yote saba faili langu la uraia halikuguswa. Kila nikipiga simu ofisini naambiwa "bado tunangoja jibu kutoka idara nyingine", bila kutajiwa idara gani. Nilikuwa nimeshapanga safari na mama yangu mgonjwa, nikaiahirisha kwa sababu niliogopa kupitwa na miadi.

Baraka, yale majina ya watu kwenye malipo yako ndiyo yananitia wasiwasi kuliko sloti yenyewe. Tangu 2021 sheria ya utakatishaji fedha, 261, inashika pesa zitokanazo na kosa lolote, hata dogo. Mwambie mwanasheria akague kwenye jalada kama wameandika 285 peke yake au na 261. Barua ya kwanza huwa haisemi yote.

---

Kutoka: Juma, Mannheim
Jumanne, saa 3:00 usiku

Fatma amesema la maana. Na mimi niongeze upande wa pili, kwa wale waliopoteza, maana wengi humu wamepoteza na wananyamaza.

Kati ya 2018 na 2020 nilipoteza euro 11,000 na kitu kwenye kasino yenye leseni ya Malta. Wakati ule ukiiondoa Schleswig-Holstein, kasino za mtandaoni zilikuwa marufuku Ujerumani nzima. Mwaka 2022 nikafungua madai nirudishiwe. Hoja ni kwamba mkataba uliovunja katazo la sheria ni batili (kifungu cha 134 BGB, sheria ya madai ya Ujerumani) na kilicholipwa bila msingi kinarudishwa (812). Mahakama ya Landgericht ikanipa haki. Nililia, sioni aibu kusema.

Mpaka leo sijaona hata senti. Mwaka 2023 Malta waliongeza kifungu cha 56A kwenye sheria yao ya michezo ya bahati, kinachowaambia mahakimu wao wasitekeleze hukumu za namna hii dhidi ya kampuni zenye leseni yao. Nina karatasi yenye muhuri wa mahakama ya Ujerumani kwenye droo ya jikoni, pamoja na betri na kamba. Ile kampuni iliyonigharimia kesi ilitaka theluthi ya kitakachopatikana, sasa hata barua pepe hawajibu.

Kwa hiyo atakayetaka kumwambia Baraka "dai pesa zako za nyuma", atazame kwanza huko.

---

Kutoka: Othman, Leipzig
Jumanne, saa 3:44 usiku

Kuna hatari nyingine ambayo Juma hakuitaja. Kifungu cha 817 BGB: aliyelipa akijua kwamba anavunja sheria hana haki ya kurudishiwa. Kwa hiyo kwenye kesi ya madai unasema kwamba hukujua, na kwenye kesi ya jinai kutojua ndiyo kinga yako. Kauli hizo mbili lazima zilingane neno kwa neno, na hazitalingana kama umeandika huku na kule bila mpango. Kuhusu kubeti mpira, BGH, mahakama ya juu ya Ujerumani, ilipeleka maswali kwenye mahakama ya Ulaya Luxembourg mwezi Julai 2024, juu ya kampuni zilizokuwa zimeomba leseni zikacheleweshewa.

Na kuhusu ushindi: wakimtia hatiani, wanaweza kutaifisha euro 4,300 zote. Pesa uliyoitia kwenye kosa lenyewe haipunguzwi, hata kama ulipoteza 6,000 ili upate hizo 4,300. Mahakama ya mwanzo ya München mwaka 2014 ilimtoza mtu faini kwa kucheza blackjack mtandaoni, na kuamuru achukuliwe zaidi ya euro 63,000.

---

Kutoka: Juma, Mannheim
Jumanne, saa 3:51 usiku

Hiyo ya München inatajwa kila mahali kwa sababu kesi za namna hiyo ni chache. Ni mahakama ya mwanzo, haimfungi hakimu wa Kassel, na mkataba wa kamari wa wakati ule si wa leo. Usimtishe mtoto wa watu.

---

Kutoka: Wanjiku, Dortmund
Jumanne, saa 4:10 usiku

Mnaposema siku 90 "haihesabiwi", semeni yote. Ni kweli, faini ya kwanza isiyozidi siku 90 haionekani kwenye cheti cha tabia njema unachompa mwajiri. Lakini rekodi yenyewe ipo, na ofisi ya wageni inaiona. Cheti kuwa safi si sawa na rekodi kuwa safi. Mimi cheti changu ni cheupe kabisa, na bado siku ya kurefusha kibali yule bibi alinigeuzia skrini akaniuliza kuhusu treni. Miaka minne baadaye! Nilikaa pale na koti langu mapajani nikimweleza mgeni habari za mwaka ambao sikuwa na nauli.

Tena polisi na waendesha mashtaka wana wajibu wa kuijulisha ofisi ya wageni jalada linapofunguliwa na linapofungwa, kifungu cha 87 AufenthG, sheria ya ukaazi wa wageni. Kwa hiyo Baraka, usijidanganye kwamba hawatajua.

---

Kutoka: Mzee Salim, Hamburg
Jumatano, saa 2:15 asubuhi

Assalaam alaykum, na habari za asubuhi kwa wote.

Nimewasoma vijana. Kinachonishangaza ni kwamba mnazungumzia uraia kana kwamba ni hati ya kununua gari. Miaka 31 niko Hamburg na bado nina pasipoti ya Tanzania. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Mjerumani hadai tena uache ya kwako, na miaka ya kukaa hapa kabla ya kuomba imeshuka hadi mitano. Mlango umefunguliwa upande huu. Upande wetu bado umefungwa: nikichukua ya hapa, ya kwetu inakwenda. Nimefanya kazi bandarini, nimesomesha watoto wa ndugu zangu watano, nimejenga Pangani nyumba yenye baraza inayotazama mto. Leo nichague kuwa mgeni kwenye baraza langu mwenyewe?

Wanaleta habari ya hadhi maalumu kwa Watanzania walio nje. Hadhi maalumu si uraia. Hupigi kura nayo.

---

Kutoka: Wanjiku, Dortmund
Jumatano, saa 2:40 asubuhi

Shikamoo Mzee. Hapo kwa kweli nawahurumia. Sisi Wakenya katiba ya 2010 ilitumalizia hilo, unachukua ya pili na ya kwanza inabaki. Ila baadhi yetu husahau kwamba lazima utangaze uraia wa pili ndani ya miezi mitatu, na kukaa kimya ni kosa.

---

Kutoka: Othman, Leipzig
Jumatano, saa 3:05 asubuhi

Mzee Salim, shikamoo. Naomba nipingane nawe kwa heshima. Serikali yoyote ina haki ya kuuliza mtu anasimama upande gani. Mimi ni Mtanzania pia na silioni kuwa ni dhuluma.

---

Kutoka: Mzee Salim, Hamburg
Jumatano, saa 3:20 asubuhi

Marahaba. Othman mwanangu, wewe una miaka sita hapa na mama yako yu hai. Subiri siku utakayopigiwa simu saa tisa usiku, na ubalozi umefungwa, na unatakiwa uwe kwenye mazishi kesho adhuhuri. Hapo tutazungumza tena habari ya upande.

---

Kutoka: Kelvin, Leicester
Jumatano, saa 6:30 mchana

Na hao vijana wetu nyumbani je? Mdogo wangu Kisumu anauza mitumba, faida yote inaishia kwenye ndege ya Aviator, mchezo wa kamari wa simu. Mwaka 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, halafu ikaja sheria mpya ya kudhibiti kamari. Siku 30! Mtoto ameona matangazo hayo kwenye jezi, kwenye redio, kwenye matatu tangu akiwa darasa la nne. Kisha anafika Ulaya anapokea barua ya polisi kwa kitu alichofundishwa na televisheni ya nyumbani. Hilo linaniuma.

---

Kutoka: Mama Neema, Bremen
Jumatano, saa 7:12 mchana

Kelvin umesema kweli. Neema wangu ana miaka kumi na mitatu, na kwenye michezo yake ya simu kuna gurudumu la kuzungusha upate zawadi, lina rangi zilezile. Nilimnyang'anya simu akadhani nina wazimu.

---

Kutoka: Msimamizi
Jumatano, saa 12:00 jioni

Ndugu wanachama, naomba uraia pacha uanzishiwe mada yake. Pia nawakumbusha, hakuna anayeruhusiwa kupeleka barua za humu nje. Kuna mtu ameniandikia pembeni kwamba amezionyesha kwa "rafiki wa kisheria". Usifanye hivyo bila ridhaa ya Baraka.

---

Kutoka: Baraka, Kassel
Alhamisi, saa 2:50 usiku

Ahsanteni wote. Mama Neema, maneno yako niliyasoma kwenye lile benchi langu. Simu nimeanza kuiacha ndani ya kabati wakati wa mapumziko, nakwenda kusimama na wavuta sigara ingawa sivuti.

Nimepata mwanasheria Göttingen kupitia kwa Fatma. Ataomba jalada, na amesema nisirudishe fomu, yeye atawaandikia kwamba ananiwakilisha. Miadi yetu ni Jumanne. Kwenye simu nilimuuliza habari ya ofisi ya uraia, akajibu kwamba yeye ni wa jinai, uraia si uwanja wake.

Leo mchana afisa anayeshika faili langu la uraia amenitumia barua pepe. Anataka hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, zifike kabla ya Jumatatu, na ameandika kwamba "baada ya hapo faili liko tayari kwa uamuzi". Hakutaja polisi wala jalada. Nimekaa na ile barua pepe mbele yangu tangu saa kumi. Nikituma hati za mshahara peke yake, nahisi nimewaficha. Nikiongeza sentensi moja, sijui sentensi hiyo iandikwe vipi. Kwa hiyo narudi kwenye swali langu la mwanzo.

---

Kutoka: Juma, Mannheim
Alhamisi, saa 3:04 usiku

Hati za mshahara za miezi mitatu tu? Mimi waliniomba za miezi kumi na miwili na barua ya mwajiri juu yake. Kassel wana utaratibu wao?

---

Kutoka: Fatma, Göttingen
Alhamisi, saa 3:11 usiku

Inategemea kama mkataba wako wa kazi ni wa kudumu. Wa kwangu ulikuwa wa muda, wakaniomba na bima ya afya.